Isaac Singer, mwigizaji maskini aliyeingiza mashini ya kushona majumbani

Jina lake limeandikwa kwa herufi za rangi ya dhahabu kwenye mashini nyeusi zinazolia kutwa nzima kwenye baraza za maduka ya Goma, Bukavu, Uvira na Butembo. Wengi hudhani ni jina la mashini tu. Lakini Singer alikuwa mtu. Alikuwa Mmarekani mrefu, mwenye sauti kubwa na hasira ya haraka, aliyezaliwa mwaka 1811 katika nyumba ya watu wa hali ya chini. Alizunguka miaka mingi akiigiza jukwaani na kulala na madeni, kisha akafariki mwaka 1875 akiwa miongoni mwa matajiri waliojulikana sana wa wakati wake.

Watu wengi husema kwamba ndiye aliyevumbua mashini ya kushona. Hiyo si kweli. Alikuta wenzake wamekwisha kuivumbua, wengine miaka zaidi ya kumi kabla yake. Alichofanya Singer, pamoja na mshirika wake Edward Clark, ni kuitoa mashini ile kwenye karakana za mafundi wachache na kuiingiza katika nyumba ya mama wa kawaida asiyekuwa na pesa zote mkononi. Kazi hiyo ilibadilisha mavazi ya dunia. Iliacha pia nyuma yake watu waliosaidia na ambao majina yao hayakuandikwa kwenye mashini yoyote.

Kijana aliyependa jukwaa

Isaac Merritt Singer alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1811 huko Pittstown, katika jimbo la New York. Baba yake, Adam, alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani. Mama yake aliitwa Ruth. Isaac alikuwa mtoto wa mwisho kati ya wanane. Wazazi waliachana akiwa bado mdogo, baba akaoa mke mwingine, na kijana hakupatana na maisha yale mapya. Alipofikisha umri wa miaka 12 hivi, aliondoka nyumbani na kwenda kwa kaka yake mkubwa aliyekuwa fundi wa mashini. Shule hakuisoma sana. Alijifunza kwa kuangalia mikono ya wakubwa wake wa kazi.

Alipokuwa na miaka 19 aliingia kujifunza ufundi wa chuma, lakini hakukaa. Moyo wake ulikuwa jukwaani. Mwaka 1830 alimwoa Catherine Maria Haley, na tangu hapo maisha yake yakawa ya kuhama mji hadi mji. Leo alikuwa fundi, kesho mwigizaji, keshokutwa kibarua wa kuchimba. Mwaka 1836, huko Baltimore, alikutana na Mary Ann Sponsler, msichana aliyemwona akiigiza. Hakumwambia kwamba alikuwa na mke. Baadaye Mary Ann alipojua, tayari walikuwa wanaishi pamoja, na alimzalia watoto kumi.

Mwaka 1839 Singer alikuwa katika jimbo la Illinois, mahali ambapo watu walikuwa wanachimba mfereji mkubwa wa maji. Kule alitengeneza mashini ya kutoboa miamba. Alipata breve, yaani karatasi ya serikali inayolinda uvumbuzi wa mtu, na akaiuza kwa dola 2000. Kwa wakati ule, hizo zilikuwa pesa nyingi sana. Mtu mwingine angenunua shamba. Singer aliunda kundi la michezo ya kuigiza na kuzunguka nalo miaka mitano hivi, yeye na Mary Ann wakiwa vinara wa jukwaa. Mwishowe kundi lilivunjika, na wakabaki mikono mitupu katika jimbo la Ohio.

Alirudi kwenye ufundi kwa sababu ya njaa. Alibuni mashini ya kuchonga herufi za mbao za kuchapia vitabu na matangazo, na tarehe 10 Aprili 1849 akapata breve ya pili. Alikwenda New York kutafuta watu wa kuinunua. Huko, tanuri la mvuke lililipuka katika jengo alimokuwa anafanyia kazi. Watu walikufa, na mashini yake ya mfano ikaharibika kabisa. Singer alikuwa na miaka 38, familia kubwa, na hana kitu.

Mtu mmoja aliyekuwa mchapishaji wa vitabu, George Zieber, alimwamini. Alimpa pesa za kutengeneza mfano mwingine, na wote wawili wakahamia Boston mwaka 1850. Walikodi nafasi katika ateliye ya fundi aliyeitwa Orson Phelps, wakitumaini kuuza mashini ya kuchonga herufi. Wanunuzi hawakuja.

Kazi iliyoanzwa na wengine

Phelps alikuwa na shughuli nyingine katika ateliye yake: alitengeneza mashini za kushona kwa ajili ya watu wengine. Shida ilikuwa moja. Mashini zile ziliharibika mara kwa mara, na nyingi zilirudishwa na wanunuzi wakiwa wamekasirika.

Kabla ya siku ile, mashini ya kushona ilikuwa na historia ya machozi. Nchini Ufaransa, fundi wa nguo Barthélemy Thimonnier alipata breve mwaka 1830 na kufungua ateliye mjini Paris, mashini zake zikishona sare za wanajeshi. Mafundi wa mjini waliogopa kupoteza kazi. Wakavamia ateliye ile na kuvunja mashini. Thimonnier alikufa maskini mwaka 1857. Mjini New York, Walter Hunt alitengeneza karibu mwaka 1834 mashini yenye sindano iliyotobolewa tundu karibu na ncha, iliyotumia nyuzi mbili. Aliiacha bila kuomba breve. Inasimuliwa kwamba alihofia kuwanyang'anya washonaji wanawake mkate wao.

Kisha alikuja Elias Howe, fundi kijana wa Massachusetts. Tarehe 10 Septemba 1846 alipata breve ya mashini iliyofunga uzi wa juu na uzi wa chini pamoja, ile mishono ambayo mashini nyingi za leo bado zinafanya. Lakini mashini ya Howe ilikuwa ngumu kutumia. Sindano yake ilipinda na kwenda upande upande, na kitambaa kilining'inizwa wima kwenye pini, kikishonwa kipande kifupi kabla ya kusimamishwa na kupangwa upya. Howe hakupata wanunuzi Marekani. Alikwenda Uingereza, akafanya kazi kwa mtengenezaji wa nguo za ndani za wanawake, akagombana naye, akarudi nyumbani fukara na kumkuta mke wake anakufa kwa kifua kikuu.

Hivyo Singer hakuanza na karatasi tupu. Alianza na mashini mbovu ya mtu mwingine iliyokuwa mezani kwa Phelps.

Siku kumi na moja

Singer aliitazama na kuona makosa yalipo. Kile kidude kinachobeba uzi wa chini kilikuwa kinazunguka duara, na kila mzunguko uliupotosha uzi hadi ukakatika. Yeye alipendekeza kiende mbele na kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Sindano, badala ya kupinda na kwenda upande, iwe nyoofu na ishuke kutoka juu. Kitambaa kilale juu ya meza bapa, na mguu mdogo wa chuma ukikandamize kisipande pamoja na sindano. Fundi akanyage kwa mguu ili mikono yote miwili ibaki huru kuongoza kitambaa.

Mwanzoni hakuifurahia kazi yenyewe. Kushona ilionekana kwake kitu kidogo kisichofaa akili ya mwanaume mvumbuzi. Zieber na Phelps walimshawishi kwa hesabu ya faida. Zieber alitoa dola 40 za gharama, na watatu hao wakaandikiana mkataba wa kugawana sawa.

Kwa maelezo ambayo Singer mwenyewe aliyatoa baadaye, kazi ilichukua siku 11. Alifanya kazi karibu usiku na mchana na kula mara moja kwa siku. Usiku wa mwisho mashini ilikusanywa, ikakanyagwa, na haikushona. Wafanyakazi wakaondoka mmoja mmoja. Singer na Zieber walikuwa wanarudi walipolala, wamekata tamaa, wakazungumza njiani juu ya vitanzi vya uzi vilivyobaki vimelegea juu ya kitambaa. Hapo Singer akakumbuka kwamba alikuwa amesahau kukaza uzi wa juu. Walirudi ateliye, wakarekebisha, na mashini ikapiga mishono mitano mizuri kabla uzi haujakatika. Ilitosha.

Kila fundi wa leo anajua jambo lile. Uzi wa juu ukilegea, mshono unafanya vitanzi. Ukikazwa kupita kiasi, unakatika. Ile skrubu ndogo ambayo fundi wa Bukavu anaigusa kwa kidole kabla ya kushona kikwembe kizito, inatatua shida ileile iliyowatesa watu wale Boston usiku ule.

Tarehe 12 Agosti 1851 Singer alipata breve yake. Lakini mkataba wa kugawana sawa haukudumu. Phelps alisukumwa nje mapema. Zieber aliugua mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1851, na kwa masimulizi yake, Singer alimwendea kitandani na kumwambia kwamba daktari hana tumaini, heri auze fungu lake aiachie familia kitu. Zieber aliuza kwa dola 6000. Kisha akapona. Fungu lile lingekuwa na thamani ya mamilioni.

Vita vya tribinali

Mtu aliyekuja kuchukua nafasi yao alikuwa Edward Clark, avoka wa New York. Clark na Singer hawakufanana kwa lolote. Mmoja alikuwa msomi mtulivu mwenye kwenda kanisani. Mwingine alipenda vazi la kung'aa, matusi na wanawake. Lakini kila mmoja alimhitaji mwenzake. Singer alijua mashini na alijua kuvuta watu. Alizunguka kwenye maonyesho na kumbi akishona mbele ya umati, akitumia sauti na mikono yake ya mwigizaji. Clark alijua sheria.

Na sheria ilihitajika. Howe, aliyerudi kutoka Uingereza bila kitu, aliona madirishani mwa maduka mashini za watu wengine zinazofanya mishono ya breve yake. Alikwenda tribinali. Singer na Clark walijitetea kwa kumtafuta Walter Hunt na mashini yake ya zamani, ili waonyeshe kwamba Howe hakuwa wa kwanza. Haikusaidia. Hunt hakuwa ameomba breve kwa wakati, kwa hiyo uvumbuzi wake haukuhesabiwa. Mwaka 1854 Singer alikubali kumlipa Howe dola 15,000 na ada kwa kila mashini.

Kesi hazikuisha hapo, kwa sababu kila kampuni ilikuwa na kipande kimoja cha ukweli. Mmoja alimiliki sindano, mwingine njia ya kusogeza kitambaa, mwingine mguu wa kukandamiza. Hakuna aliyeweza kutengeneza mashini nzuri bila kugusa mali ya jirani yake. Mwaka 1856, mjini Albany, Howe na kampuni tatu kubwa, ya Singer ikiwemo, walikubaliana kuweka breve zao katika kapu moja na kugawana ada. Howe alipata dola 5 kwa kila mashini iliyouzwa Marekani. Alikufa mwaka 1867 akiwa tajiri. Mapatano yale yalidumu hadi mwaka 1877, breve za mwisho zilipokwisha muda.

Dola tano leo, tatu kila mwezi

Tatizo lililobaki lilikuwa bei. Mashini ya Singer iliuzwa dola 100 na zaidi. Mwaka 1856 ilifika dola 125. Familia nyingi za Marekani zilipata karibu dola 500 kwa mwaka mzima. Nani angetoa robo ya mapato ya mwaka kwa ajili ya chombo cha kushonea?

Takwimu za kampuni zinaonyesha jinsi biashara ilivyokuwa imekwama: mashini 810 mwaka 1853, 879 mwaka 1854, na 883 mwaka 1855. Wanunuzi walikuwa mafundi wa nguo na wenye viwanda vidogo. Nyumba za kawaida zilibaki na sindano ya mkono.

Mwaka 1856 Clark alikuja na mpango. Mnunuzi alitoa dola 5 mwanzoni, akapeleka mashini nyumbani, kisha akalipa karibu dola 3 kila mwezi hadi deni liishe. Mashini ilibaki mali ya kampuni mpaka malipo ya mwisho, na anayeshindwa kulipa alinyang'anywa. Kampuni ilianza pia kupokea mashini kuukuu, hata za washindani, na kumpunguzia mteja bei ya mpya. Wachungaji wa makanisa waliuziwa kwa nusu bei, maana mama wa kanisa akiwa na mashini, washirika wote wangeiona.

Mwaka huohuo wa 1856 mauzo yalifika 2564. Mwaka 1859 yalipita 10,000. Mwaka 1876, mwaka mmoja baada ya kifo cha Singer, kampuni iliuza mashini 262,316.

Kuuza kwa kulipa kidogo kidogo hakukuvumbuliwa na Singer wala Clark, lakini kampuni chache kabla yao zilikuwa zimekufanya kwa ukubwa ule. Njia ile ilikuwa na pande mbili. Mwanamke aliweza kushona nguo za watu, kupata pesa, na kulipa mashini kwa kazi ya mashini yenyewe. Lakini mwezi mmoja wa ugonjwa ulitosha kumpotezea chombo na pesa zote alizokwisha kulipa. Mama yeyote wa soko anayechukua mkopo wa kikundi na kurudisha kila wiki anaielewa hesabu hii bila kuelezwa.

Chombo cha chuma kinachopendeza sebuleni

Pesa peke yake hazikutosha. Watu wengi wa wakati ule waliona mashini kuwa kitu cha kiwandani, chafu cha mafuta, na walisema kwamba mwanamke hawezi kuiendesha. Kampuni ilijibu kwa macho. Katika duka lake la Broadway, mjini New York, iliwaweka wasichana dirishani wakishona mbele ya wapita njia. Mtu aliyesimama dakika tano aliona kwa macho yake kwamba maneno yale yalikuwa uongo.

Umbo nalo lilibadilishwa. Mashini za kwanza za Singer zilikuwa nzito, na sanduku la mbao lililozisafirisha ndilo lililogeuka kuwa meza yake. Zilifaa ateliye, si sebule. Mwishoni mwa miaka ya 1850 kampuni ilijaribu mashini ndogo ya familia, na mwaka 1865 ikatoa iliyofaulu kweli. Chuma kilipakwa rangi nyeusi inayong'aa, kikachorwa maua na mapambo ya rangi ya dhahabu. Miguu ya chuma ilisukwa kama matawi ya mmea. Meza ya mbao ilikuwa na droo za nyuzi na sindano. Mtu aliyekuwa na mashini hiyo hakuificha. Aliiweka mahali mgeni atakapoiona. Mapambo hayakuongeza hata mshono mmoja, lakini yaliifanya mashini ikubaliwe kuwa samani ya nyumba.

Faida yake kwa muda ilikuwa kubwa. Watengenezaji wa mashini walitangaza katika miaka ya 1860 kwamba shati la mwanaume lililochukua zaidi ya saa 14 kwa mkono, lilichukua saa moja na robo hivi kwa mashini. Hata kama wauzaji walijipendelea katika hesabu yao, tofauti iliyobaki ni kubwa. Nyumbani, usiku wa mama ulirudishwa kwake.

Kiwandani hali ilikuwa nyingine. Mshonaji aliyelipwa kwa kipande alishona vipande vingi zaidi, na bei ya kila kipande ikashushwa. Katika vyumba vya giza vya New York na London, wanawake wengi waliendelea kufanya kazi saa zilezile kwa mshahara uleule mdogo, safari hii wakikanyaga pedali. Mashini iliharakisha kazi, lakini haikuamua faida iende kwa nani.

Nyumba nne za mtu mmoja

Singer alitajirika haraka. Alijenga maisha ya fahari kwenye Fifth Avenue, na alipita mjini na gari kubwa la farasi lililowashangaza watu. Mary Ann Sponsler aliitwa na majirani Mama Singer, ingawa hakuwa ameolewa. Alikuwa amengoja zaidi ya miaka 20. Mwaka 1860 Singer alipata talaka yake kutoka kwa Catherine, na Mary Ann alitarajia kwamba sasa zamu yake imefika. Singer alikataa.

Mwezi Agosti mwaka huo, Mary Ann akiwa ndani ya gari lake, alimwona Singer katika gari jingine na mwanamke aitwaye Mary McGonigal. Alipiga kelele barabarani. Singer alirudi nyumbani na kumpiga, akakamatwa. Hapo mambo yote yakafunuka: mbali na Catherine na Mary Ann, alikuwa na familia nyingine mbili mjini humohumo, kila moja ikiishi kwa jina tofauti. Alikimbilia Ulaya. Jumla ya watoto wake kwa wanawake watano ilipita 20.

Kwa Clark, mteja mkubwa wa kampuni alikuwa mama wa nyumbani anayeheshimika, na jina la mashini lilikuwa sasa jina la kashfa. Mwaka 1863 ushirika wa watu wawili ulivunjwa, ikaundwa kampuni yenye hisa, Singer Manufacturing Company. Singer alibaki na hisa nyingi lakini akaondolewa kwenye uongozi. Mwaka huohuo alimwoa Isabella Boyer, mzaliwa wa Paris, ambaye alimzalia watoto sita.

Waliishi Paris hadi vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipoanza mwaka 1870. Walihamia Uingereza na kukaa Paignton, mji wa pwani, ambako Singer alianza kujenga jumba kubwa. Alitaka liwe na ukumbi wake wa kuigiza, kwa maana hamu ya jukwaa haikumtoka. Alifariki tarehe 23 Julai 1875, akiwa na miaka 63, kabla jumba halijakamilika.

Aliacha mali ya karibu dola milioni 13. Watoto wake, wa ndani na wa nje ya ndoa, aliwagawia mafungu kwa hati ya wosia. Mary Ann hakuachiwa kitu. Alikwenda mbele ya sheria kudai kwamba ndiye mke halali, baada ya miaka ya njaa na ya jukwaa aliyoishi naye kabla pesa hazijaja. Mahakama iliamua kwamba mjane halali ni Isabella.

Jina lililobaki

Clark alikufa mwaka 1882. Mwaka 1885 kampuni ilifungua kiwanda kikubwa huko Clydebank, nchini Scotland. Mwaka 1913 kiwanda hicho peke yake kilitoa mashini zipatazo milioni 1.3. Mawakala wa kampuni walifika karibu kila bara.

Mahatma Gandhi, aliyepinga mashini nyingi kwa kuwa ziliwanyima watu kazi, mwaka 1924 aliitaja ya Singer kuwa miongoni mwa chache zenye manufaa. Aliamini kwamba Singer aliibuni kwa kumhurumia mke wake aliyechoka na sindano. Ni hadithi nzuri, lakini maisha ya Singer hayaiungi mkono. Alitafuta pesa, na hakuficha. Hata hivyo Gandhi aliona jambo la kweli katika chombo chenyewe: ni mashini inayotii mguu wa mtu mmoja, inaingia katika chumba kimoja, na inaweza kumwachia anayeitumia faida yake.

Ndiyo sababu inaendelea kuishi mashariki mwa Congo. Haihitaji umeme, na hilo ni jambo kubwa katika mitaa ambako umeme hukatika siku nzima. Vipuri vyake vinapatikana sokoni, na fundi anaweza kuifungua, kuipaka mafuta na kuifunga tena bila mtaalamu. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, wasichana na wake walifundishwa kushona katika misheni na katika vituo vilivyoitwa foyers sociaux. Leo vituo vya mafunzo vya Kivu na Ituri vinaitumia kuwapa kazi wasichana walioacha shule na wanawake waliopoteza kila kitu vitani.

Nyingi ya mashini hizo si za Singer tena. Breve zilikwisha zamani, na viwanda vya China, kama kile cha Shanghai kinachotoa zenye alama ya kipepeo, vilichukua umbo lilelile: mwili mweusi, maua ya dhahabu, gurudumu la mkono upande wa kulia, pedali ya chuma chini. Hakuna anayelipwa ada kwa umbo hilo sasa. Wala hakuna mashini iliyobeba jina la Zieber aliyetoa dola 40, la Hunt aliyefika mapema, au la Mary Ann aliyevumilia miaka ya umaskini. Anayelipwa ni fundi aliyeketi mbele yake, ikiwa mashini ni yake mwenyewe. Akiikodi kwa mwenye duka, ana deni la kila jioni, kama walivyokuwa nalo wanawake wa kwanza waliochukua mashini ya Singer kwa dola tano.